Fedha za Maendeleo ya Kaunti na Kanda Nchini Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara katika mabaraza ya wadi, katika vikao vya kujadili bajeti na katika mazungumzo ya kawaida kuhusu pesa ambazo Bunge hutengea kaunti. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Fedha ambazo serikali ya kaunti hutumia hutoka wapi?

Chanzo kikubwa kwa kaunti karibu zote ni mgao wa haki, yaani sehemu ya mapato yaliyokusanywa kitaifa ambayo Katiba ya 2010 inaagiza igawiwe serikali za kaunti. Chanzo cha pili ni ruzuku za nyongeza, ambazo mara nyingi huja na masharti: zimetengewa hospitali, barabara au mradi fulani wa mfadhili, na haziwezi kuhamishiwa kazi nyingine. Cha tatu ni mapato ya kaunti yenyewe, kama vile kodi ya ardhi na majengo, leseni za biashara, ushuru wa soko na ada za kuegesha magari. Kaunti inaweza pia kukopa, lakini ni sharti bunge la kaunti liidhinishe na Serikali ya Kitaifa iudhamini mkopo huo.

Baadhi ya maeneo yanastahili vilevile kunufaika na Hazina ya Usawazishaji, ambayo ina kanuni zake (tazama swali la 7 hadi la 10).

2. Je, ni Rais anayetoa pesa hizi?

La. Wanasiasa hupenda kusema kwamba fulani “ameleta” pesa au kwamba eneo fulani “limenyimwa” kwa sababu lilipiga kura vibaya, na kauli hizo zimezoeleka kiasi kwamba wengi huziamini. Mgao wa haki si zawadi. Kiwango chake huwekwa na sheria inayopitishwa na Bunge kila mwaka, na namna ya kuugawanya baina ya kaunti 47 huongozwa na msingi, yaani kanuni ya kukokotoa fungu la kila kaunti, uliokwisha kukubaliwa na Seneti kabla ya mwaka huo kuanza. Rais hutia saini miswada hiyo, lakini hana uwezo wa kuamua kwamba kaunti moja iongezewe na nyingine ipunguziwe.

Upendeleo, pale unapokuwapo, hutafutwa kwingineko: katika miradi ya wizara za Serikali ya Kitaifa, ambayo haipitii msingi huo hata kidogo.

3. Asilimia 15 inayotajwa sana inamaanisha nini?

Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema kwamba mgao wa kaunti zote kwa jumla usipungue asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na Serikali ya Kitaifa. Hicho ni kiwango cha chini. Kiwango cha juu hakikuwekwa, na Bunge limekuwa likitoa zaidi ya asilimia hiyo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba asilimia hiyo haipigwi juu ya makusanyo ya mwaka huu. Hupigwa juu ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge hilo likichelewa kuidhinisha hesabu, kaunti hupimiwa kwa kibaba cha miaka ya nyuma, wakati makusanyo ya kodi yalipokuwa madogo. Kwa hiyo gavana anayetangaza kwamba kaunti zimepewa asilimia kubwa na mchumi anayelalamika kwamba zimepewa kidogo wanaweza wote kuwa wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja ameshika kipimo tofauti.

Kwa idadi, mgao wa haki ulianza na Sh190 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2013/14. Ulifika Sh316.5 bilioni mwaka wa 2019/20, ukabaki papo hapo mwaka uliofuata, kisha ukapanda hadi Sh370 bilioni mwaka wa 2021/22. Kwa mwaka wa 2025/26 uliwekwa kuwa Sh415 bilioni.

## Bunge na kugawanya mapato

4. Ni sheria zipi hasa zinazogawanya pesa, na hupitishwa lini?

Ni mbili, na kuzichanganya ndiko chanzo cha mabishano mengi. Ya kwanza ni Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaogawanya mapato ya taifa baina ya ngazi mbili: Serikali ya Kitaifa kwa upande mmoja na serikali zote za kaunti kwa upande wa pili. Ya pili ni Mswada wa Mgao wa Mapato ya Kaunti, unaochukua fungu hilo la kaunti na kulikata vipande 47. Katiba inataka yote miwili iwasilishwe Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani kufikia mwisho wa Aprili, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni.

Kabla ya miswada hiyo, Tume ya Ugavi wa Mapato hutoa mapendekezo yake. Tume ina wanachama tisa, na watano kati yao hupendekezwa na vyama vilivyomo katika Seneti. Mapendekezo yake hayalifungi Bunge, ila mswada ukitofautiana nayo sana lazima uambatishwe maelezo ya sababu.

Ruzuku za nyongeza hazimo ndani ya miswada hiyo miwili siku hizi, kwani tangu 2022 zimewekewa sheria yake ya kila mwaka. Hii ndiyo sababu kaunti inaweza kuwa imekwisha kupokea mgao wa haki wa miezi kadhaa huku ruzuku zake zikiwa bado zinajadiliwa Nairobi.

5. Bunge la Kitaifa na Seneti yasipokubaliana, nini hutokea?

Huundwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya wanachama kutoka kila upande, ambayo hupewa siku 30 kutafuta mswada utakaokubalika kote. Ikishindwa, mswada huo huanguka na shughuli huanza upya.

Mwaka wa 2013 Bunge la Kitaifa lilijaribu kuiruka Seneti kabisa katika Mswada wa Ugavi wa Mapato. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Novemba mwaka huo ilitoa ushauri kwamba mswada huo unahusu kaunti na hivyo Seneti ina haki ya kushiriki. Mwaka wa 2019 mvutano ulikuwa wa kiasi: wabunge walishikilia Sh316.5 bilioni, maseneta walitaka zaidi, na mwaka wa fedha ulianza Julai bila sheria. Muafaka ulipatikana Septemba kwa kiwango kilekile cha wabunge. Miezi hiyo yote kaunti zilikuwa na mishahara ya kulipa na hospitali za kuendesha, na fahali walipokuwa wakipigana, nyasi zilizoumia zilikuwa wauguzi na wauzaji wa dawa.

6. Msingi wa kugawanya pesa baina ya kaunti huamuliwa vipi, na mbona kaunti yenye watu wachache hupata pesa nyingi kwa kila mtu?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Neno la Katiba ni mgao wa haki, si mgao sawa. Kaunti ndogo bado inahitaji gavana, bunge, ghala la dawa na gari la wagonjwa. Eneo lenye watu waliotawanyika mbalimbali hugharimu zaidi kumfikia mtu mmoja kwa barabara au bomba la maji. Kwa sababu hiyo kila msingi uliowahi kutumika umechanganya vigezo kadhaa. Msingi wa kwanza uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, mgao ulio sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa ardhi asilimia 8 na uwajibikaji wa kifedha asilimia 2. Tuchukue mwaka wa kwanza: asilimia 25 ya Sh190 bilioni ni Sh47.5 bilioni, na ukiigawanya kwa 47, kila kaunti ilipata takriban Sh1.01 bilioni kabla hata ya watu kuhesabiwa. Kiasi hicho ni sawa kwa Lamu, yenye watu wapatao 144,000 katika sensa ya 2019, na kwa Nairobi, yenye watu wapatao milioni 4.4. Papo hapo ndipo tofauti ya pesa kwa kila mtu inapozaliwa, na ilikusudiwa.

Msingi wa tatu, uliopitishwa na Seneti Septemba 2020, ulijaribu kufuata kazi zinazofanywa na kaunti: afya asilimia 17, kilimo 10, huduma nyingine za kaunti 18, miji 5, umaskini 14, ardhi 8, barabara 8 na mgao wa msingi 20. Mapendekezo ya awali yangepunguzia kaunti nyingi za Kaskazini na Pwani mabilioni ya pesa na kuziongezea zenye watu wengi, na Seneti ilikwama kikao baada ya kikao. Kilichofungua njia hakikuwa hoja bora bali keki kubwa zaidi: msingi huo ungeanza kutumika pale fungu litakapoongezwa, na nusu ya mgao wa kila kaunti wa mwaka wa 2019/20 ikalindwa isiguswe. Kwa maoni yangu mwafaka huo uliokoa amani, lakini uliacha swali lenyewe bila kujibiwa, kwani linarudi kila msingi unapofanyiwa mapitio. Msingi wa nne ulianza kutumika katika mwaka wa fedha wa 2025/26.

Kuhusu utaratibu, Katiba inaitaka Seneti iweke msingi huu kila baada ya miaka mitano, ingawa misingi miwili ya kwanza iliwekwa kwa vipindi vya miaka mitatu. Kila ujumbe wa kaunti una kura moja, hivyo kura 24 zinatosha. Bunge la Kitaifa linaweza kuubadilisha au kuukataa uamuzi wa Seneti, lakini kwa kura za theluthi mbili ya wanachama wake.

## Hazina ya Usawazishaji

7. Hazina ya Usawazishaji ni nini, na inatofautianaje na mgao wa haki?

Ni hazina iliyoundwa na Kifungu cha 204 ili maeneo yaliyotengwa kwa miongo mingi yafikie kiwango cha huduma kinachofurahiwa na sehemu nyingine za nchi. Kila mwaka hutengewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa kutumia hesabu zilizokaguliwa kama ilivyoelezwa katika swali la 3. Kwa mfano wa hesabu tu, hesabu hizo zikiwa za Sh1 trilioni, hazina hupata Sh5 bilioni.

Pesa zake zina kazi nne zilizotajwa kwa jina: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Haziruhusiwi kulipa posho za vikao wala kujenga makazi ya gavana.

8. Ni maeneo gani yanayonufaika?

Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilichagua kaunti nzima 14: Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir, Garissa, Isiolo, Samburu, Pokot Magharibi, Narok, Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Lawama zilikuja upesi, na zilikuwa za haki, kwani mji wa Malindi na kijiji cha ndani kabisa cha Ganze vimo katika kaunti moja, ilhali kijiji kisicho na maji katika kaunti inayohesabiwa kuwa tajiri kiliachwa nje.

Sera ya pili, ya 2018, ilishuka chini ya kaunti na kuhesabu maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34. Uadilifu uliongezeka na pesa zikatapanywa zaidi. Sh5 bilioni zikigawanywa sawa kwa maeneo 1,424 ni takriban Sh3.5 milioni kwa kila eneo, kiasi ambacho hakifikishi barabara ya lami mbali.

9. Mbona hatuoni miradi ya hazina hii?

Sababu zimefuatana. Hazina ilianzishwa na Katiba mwaka wa 2010, lakini ilichukua miaka kupata utaratibu wa kuendeshwa. Mwaka wa 2015 ulitangazwa mwongozo uliowapa maafisa wa Serikali ya Kitaifa usukani, magavana wakaenda mahakamani, na mnamo Novemba 2019 Mahakama Kuu ikaubatilisha. Kanuni mpya zilikuja mwaka wa 2021. Muda wote huo kilichowekwa katika hazina kilikuwa pungufu ya kile kilichostahili, kwa sababu kutengewa pesa katika sheria ni jambo moja na pesa kuhamishwa ni jambo lingine (tazama swali la 14).

10. Je, hazina itadumu milele?

Hapana. Katiba iliipa miaka 20 tangu tarehe ya kuanza kutumika, yaani hadi Agosti 2030. Bunge linaweza kuiongezea muda maalum, mradi zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti waunge mkono. Ukiondoa miaka iliyopotea mahakamani na katika kungoja kanuni, hoja ya kuiongezea muda ina uzito.

## Jumuiya za kanda na taasisi nyingine

11. Jumuiya ya Kaunti za Pwani hupewa kiasi gani na Bunge?

Haipewi chochote moja kwa moja. Katiba inatambua ngazi mbili za serikali tu, na sheria za ugavi hutaja kaunti, si kanda. Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayounganisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na nyinginezo kama ile ya kaunti za ukanda wa Ziwa, ni miungano ya hiari ambayo hutegemea michango ya kaunti wanachama na msaada wa wafadhili.

Msingi wake wa kisheria ni Kifungu cha 189, kinachoruhusu kaunti kushirikiana na kuunda kamati au mamlaka za pamoja. Ugumu huanza pale mabunge ya kaunti yanapotakiwa kuidhinisha mchango: mwakilishi wadi huona vigumu kumweleza mpiga kura wake kwa nini pesa zimekwenda kwenye sekretarieti iliyo kaunti nyingine badala ya zahanati yao. Ndiyo maana mipango ya kanda, iwe ya uvuvi wa bahari kuu au ya viwanda vya korosho na maembe, hubaki kwenye makabrasha muda mrefu.

12. Kaunti moja inaweza kuwa katika jumuiya mbili?

Ndiyo. Lamu na Tana River zimo katika jumuiya ya Pwani na pia katika Baraza la Maendeleo la Kaunti za Mipakani. Kila uanachama huja na mchango wake.

13. Mamlaka ya Maendeleo ya Pwani na NG-CDF (hazina ya maendeleo ya maeneobunge) si sehemu ya fedha za kaunti?

Si sehemu yake. Mamlaka ya Maendeleo ya Pwani, pamoja na zile za Bonde la Kerio, mito ya Tana na Athi, bonde la Ziwa na Ewaso Ng'iro Kaskazini na Kusini, ni mashirika ya Serikali ya Kitaifa yaliyoundwa kabla ya ugatuzi, la kwanza likiwa la 1974. Bajeti zao hutoka wizarani. Magavana wamekuwa wakidai kwamba kazi nyingi za mashirika haya, kama vile unyunyiziaji mdogo na maji, zimegatuliwa na pesa zake zingefuata.

NG-CDF ni hazina ya maeneobunge 290, inayohusishwa na mbunge, na hupata angalau asilimia 2.5 ya fungu la Serikali ya Kitaifa. Mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza sheria yake ya 2015 kuwa kinyume cha Katiba. Miaka miwili kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ilikuwa imebatilisha sheria iliyoitangulia ya 2013.

## Ucheleweshaji na hali zisizo za kawaida

14. Sheria imepitishwa na bajeti imesomwa. Mbona mwanakandarasi hajalipwa?

Kwa sababu mgao katika sheria si pesa katika akaunti. Hazina ya Kitaifa hutoa kwa awamu, kulingana na makusanyo ya kodi, na awamu hizo huchelewa mara kwa mara. Pesa zikifika katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, gavana hawezi kuzichota bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye hukagua kwamba matumizi yanalingana na sheria ya bajeti ya kaunti husika. Stakabadhi zikiwa na kasoro, ombi hurudishwa.

Lakini si kila deni ni kosa la Nairobi. Kaunti nyingi hujikadiria mapato yake ya ndani kupita kiasi ili bajeti ionekane imesawazika, kisha hutoa kandarasi kwa pesa ambazo hazitakusanywa kamwe. Mwanakandarasi anayeambiwa “pesa hazijatoka Hazina” ana haki ya kuuliza mradi wake uliegemezwa kwenye chanzo kipi.

15. Mgao wa haki unaweza kupunguzwa katikati ya mwaka?

Sheria za ugavi zimekuwa zikisema kwamba makusanyo yakipungua, upungufu utabebwa na Serikali ya Kitaifa. Hata hivyo Bunge linaweza kuirekebisha sheria yenyewe, na limefanya hivyo. Baada ya maandamano ya Juni 2024 na kuondolewa kwa Mswada wa Fedha, mgao wa 2024/25 uliokuwa umepitishwa kuwa Sh400.1 bilioni ulirudishwa Bungeni. Wabunge walitaka Sh380 bilioni, Seneti ikakataa, na kamati ya upatanishi ikaishia kwenye takriban Sh387.4 bilioni. Kufikia wakati huo kaunti zilikuwa zimekwisha kupanga, na baadhi kutumia, kwa hesabu ya kiwango cha juu.

16. Serikali ya Kitaifa inaweza kuinyima kaunti pesa zake?

Kifungu cha 219 kinaagiza mgao ufikishwe bila kuchelewa kusikostahili na bila kukatwa. Njia pekee ya kuusimamisha ni Kifungu cha 225: Waziri wa Fedha anaweza kuzuia pesa kwa ukiukaji mkubwa au wa kurudiarudia wa sheria za fedha, lakini si zaidi ya nusu ya kinachostahili, wala si zaidi ya siku 60, na Bunge lisipoidhinisha ndani ya siku 30 uamuzi huo huisha nguvu.

17. Kaunti inalazimika kutumia kiasi gani kwa maendeleo?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwa maendeleo. Kuitenga katika bajeti ni rahisi kuliko kuitumia, kwani mishahara haiahirishwi kama miradi inavyoahirishwa. Mwananchi atazame kilichotumika, si kilichopangwa.

18. Nitajuaje kama pesa za mradi wa kwetu zilifika?

Anza na Mpango wa Maendeleo Jumuishi wa Kaunti, wa miaka mitano, uone kama mradi umo. Usipokuwamo, kuutengea pesa ni vigumu. Kisha soma mpango wa mwaka, ambao hutakiwa kuwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti yanayowasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo, ripoti za Msimamizi wa Bajeti za kila robo mwaka huonyesha kilichoidhinishwa na kilichotumika, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hueleza kama kilichotumika kina ushahidi.

Stakabadhi ikifichwa, andika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukitaja jina la mradi, wadi na mwaka wa fedha. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Barua inayouliza “pesa zetu ziko wapi” hujibiwa kwa hotuba. Inayoomba nakala ya cheti cha malipo cha mradi uliotajwa ni vigumu zaidi kuikwepa. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa siku hizo 21 huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo juu yake.